Cheo Kimekua, Mshahara Bado Unanyonya

Jamani, Mwanza hii kila kitu kinakua, na kila kinachokua bili inaletwa kwangu.

Watu tumekua. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa una watu milioni 2.7 na ushee, ya 2022 ikakuta tunakaribia milioni 3.7. Ukitaka kuwaona wote kwa pamoja, panda daladala ya Buhongwa jioni. Wamo humo, na konda bado anapiga kelele, "Sogea nyuma, nyuma kweupe!" Kweupe wapi, wakati kiwiko cha mtu kimo ndani ya sikio langu?

Miundombinu nayo imekua. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025, kilomita tatu hivi juu ya ziwa. Nilishangilia kama wenzangu, sikujua nashangilia nini. Zamani shemeji zangu wa Sengerema wakifikiria foleni ya kivuko walikuwa wanaahirisha safari, wanatuma salamu na michembe ya viazi vilivyokaushwa. Siku hizi wanavuka kwa dakika chache, wanafika kwangu ugali ukiwa unasongwa, wanakula, wanarudi kwao kabla ya giza. Michembe yenyewe hawaleti tena, eti wamesafiri haraka haraka.

Nyumbani kuna kijana. Huyu nilimnunulia suruali ya shule Januari. Juni imegeuka pedo. Nikamwambia mama yake tuikunjue upindo. Akanitazama. "Baba Neema, upindo tulikunjua Machi."

Ila kilichoniumiza kabisa ni cheo. Mimi miaka yote ni mtunza stoo, watu wananiita "wa stoo", maisha yanakwenda. Mwezi juzi bosi akaniita ofisini, akanipa mkono, akanikabidhi barua: kuanzia leo ni Afisa Mwandamizi wa Usimamizi wa Vifaa. Nikaisoma barua mbele, nikaigeuza nyuma. Nikakohoa. "Na mshahara, bosi?" Akatabasamu. "Kua kwanza kwenye nafasi."

Sasa nikuulize. Sangara akiwa hajafika sentimita 50, sheria inakataza kumvua, aachwe akue. Ukikamatwa nao wadogo pale soko la samaki la Mwaloni utaeleza vizuri. Mshahara wangu mimi haujafika hata urefu wa dagaa, lakini unavuliwa kila mwezi: kodi hapo, bima hapo, mfuko wa hifadhi hapo, mkopo ule wa bati nao umo. Unanifikia mkia tu. Hivi doria ya kutetea mishahara michanga inapita ziwa gani?

Nikanyamaza, nikasema hii habari ibaki ofisini. Thubutu! Mama Neema aliipiga picha ile barua, akaituma kwenye grupu la ukoo. Usiku huohuo simu zikaanza. "Shikamoo mkubwa!" Mtu ananizidi miaka kumi, ananiamkia mimi. Nikajua hapa kuna jambo. Mwenye nyumba, ambaye huwa tunapishana kimyakimya, akanisimamisha getini: "Nasikia mambo yamekunyookea, baba. Tutaongea mwisho wa mwezi."

Kwenye harusi ndiko walikonimaliza. Binti wa shangazi yangu kule Igoma anaolewa, na mimi siku zote nachangia kadi ya singo, nakaa meza ya nyuma karibu na jiko, nakula nashiba. Safari hii imeletwa kadi ya dabo, jina langu limeandikwa na cheo chote mpaka maneno yakaingia kwenye mstari wa tarehe. Nikaenda kwenye kikao nikiwa nimejipanga kujitetea. Kabla sijafungua mdomo, mjomba akasimama: "Ndugu wajumbe, ukoo umepata afisa mwandamizi. Napendekeza awe mwenyekiti wa kamati."

Wakapiga makofi. Nikauliza mwenyekiti anatakiwa kufanya nini.

"Huna kazi kubwa, baba," shangazi akasema. "Zikipungua hela, unamalizia."