Bosi alivyopata upako wa oili chafu

Bosi wetu ni mtu wa gereji toka ujana wake, Kijenge nzima hapa Arusha wanamjua, ila kuna kitu kimoja ukimwambia lazima mgombane: kwamba upepo wa kompresa unaweza kunyonya. Yeye anasema kompresa ni ya kujaza tairi na kupuliza vumbi, hayo mengine ni mbwembwe za vijana wa VETA. Sasa mwanae akatuletea mashine ya kunyonya oili, ile ya tangi, unachomeka mpira mwembamba kwenye tundu la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, unaunga upepo wa kompresa, oili chafu inapanda yenyewe wala hulali chini ya gari kufungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Bosi akaizunguka weee, akaniuliza mota iko wapi. Nikamwambia mzee haina mota. Pampu je? Haina. Akacheka akaenda zake kunywa chai.

Mi hii kitu naipenda so nikamfuata huko huko kwenye chai. Mzee, pale juu ya mfuniko kuna kidude kinaitwa ijekta, ndani hakuna hata kitu kimoja kinachozunguka, upepo wenye presha ya baa 6 unaingia kwenye nozeli yenye tundu dogoo, ukibanwa pale unatoka na mbio za hatari, unaweza hata kuipita sauti, na ukiwa na mbio hizo presha yake inaanguka chini kuliko hii hewa tunayovuta puani, basi hewa ya kwenye tangi inakombwa inaondoka nao, kama daladala ya Kwa Mrombo ikipita mbio inavyoondoka na makaratasi ya kituoni, zote zinatokea nyuma kwenye sailensa ya hicho kidude fyoooo. Tangi likishapungukiwa hewa, hewa ya nje ndo inaikandamiza oili kule kwenye injini mpaka ipande mpira. Yaani mzee ukweli wenyewe pale hakuna kinachovuta, ni hewa inasukuma, tena sisi huku mita 1,400 juu ya bahari hewa yetu nyepesi, ingekuwa Dar ingesukuma zaidi.

Hapo ndo nilipoharibu. "Hakuna kinachovuta," bosi akapiga meza, "si nilisema!"

Basi Jumapili moja kuna Land Cruiser ya watalii, dereva anaondoka na wageni Ngorongoro alfajiri, na siku hiyo hiyo ni ubarikio wa mtoto wa mdogo wake bosi. Mi niko kazini, injini nimeiwasha kidogo oili ipate moto iwe nyepesi, nikaizima, mashine inanyonya vizuri tu, oili nyeusi naiona inapanda kwenye mpira. Nikaingia chini ya gari nyingine. Bosi huyo, katoka kanisani, suti rangi ya maziwa, kiatu cha ncha, anapitia hela aliyoiacha ofisini, simu sikioni anabishana na shemeji yake. Na ile ijekta inapiga kelele maana upepo wote huo lazima utoke mahali.

"Ndafu! Nasema NDAFU imefika? Ndaaafuuu!"

Shemeji hasikii. Bosi akaangalia huku na huku, akaokota tambara, akalisokomeza kwenye mdomo wa sailensa, na kwa vile ni fundi wa kweli hafanyi kazi nusu nusu, akalifunga na mpira wa chubu akakaza. Kimyaaa. Akamaliza simu yake vizuri kabisa.

Sasa jamani, upepo wa baa 6 umenyimwa mlango wa kutokea, unadhani utakaa pale uombe ruhusa? Ukarudi ndani ya tangi. Na mpira wa ile mashine unashuka mpaka chini ya tangi, kwahiyo presha ikaikalia oili juu, oili ikaanza kurudi kwenye injini ilikotoka. Bosi akaona. Akafurahi! "We kijana toka huko uje uone, mashine yako inajaza!" Mi natoka mgongo mgongo napiga kelele mzee usiguse, yeye kashauchomoa mpira kwenye injini, kaugeuza, anachungulia tundu lake.

Ile sauti siwezi kuiandika. Oili ya moto moto, nyeusi tii, kuanzia kwenye kipara mpaka kwenye tai. Nilipofika kufunga upepo bosi kabaki meno na macho tu. Akatema, akanyosha kidole kwenye mashine, neno la kwanza: "Inanyonya hiyo?"

Nguo ya kubadilisha hakuna, muda hakuna, akaoga kwa sabuni ya unga na mchanga, akavaa ovaroli langu jipya la bluu, nikampeleka. Kufika ukumbini umeme umekatika, jenereta limegoma, na MC alivyoona ovaroli mlangoni akapaza sauti, "Haya wapendwa tumshukuru Mungu, fundi jenereta ameshafika!" Makofi na vigelegele. Baba mkubwa wa mbarikiwa akapelekwa nyuma ya ukumbi akakabidhiwa spana.

Na akalitengeneza. Akafungua kabureta, akaona uchafu kwenye jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, akaupuliza kwa mdomo fuu, akarudishia, likawaka. Akanigeukia anafuta mikono: "Umeona? Upepo ni wa kupuliza."

Nilitaka kumwambia mzee, hiyo kabureta uliyoshika petroli yake inapanda kwa mtindo ule ule wa ijekta, hewa ikibanwa kooni inakimbia presha inashuka, Mtaliano Venturi aliyaandika hayo toka 1797. Nikaangalia spana bado iko mkononi. Nikaenda kupanga foleni ya ndafu.