Watoto wa Agent Orange: mikono ya wanaojitolea au fedha inayodumu?

Kati ya 1962 na 1971, wakati wa vita vya Vietnam, ndege za Marekani zilinyunyiza zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua magugu juu ya misitu na mashamba ya kusini mwa Vietnam. Sehemu kubwa ilikuwa Agent Orange, iliyochafuliwa na dioksini, sumu inayodumu miaka mingi kwenye mafuta ya mwili na miongo kwenye tope. Kandokando ya viwanja vya ndege vya kijeshi ambako mapipa yalihifadhiwa, iliingia kwenye samaki na bata wa wenyeji. Kazi ya kusafisha udongo wa uwanja wa Da Nang ilikamilika 2018, ya uwanja wa Bien Hoa ilianza 2019. Sumu hiyo inahusishwa na ulemavu wa kuzaliwa. Udongo husafishika, lakini mtoto mwenye mgongo wazi (uti wa mgongo usiofunga vizuri akiwa tumboni) au mtindio wa ubongo atahitaji huduma maisha yake yote, na urefu huo wa muda ndio kipimo cha msaada wowote anaopewa.

Katika mjadala wa kama watoto hawa wasaidiwe kwa mikono ya wanaojitolea au kwa fedha, wanaotetea kujitolea wana hoja nzito. Kijiji cha Urafiki karibu na Hanoi, kilichofunguliwa 1998, kilianzishwa kwa juhudi za George Mizo, Mmarekani aliyepigana vita hivyo hivyo, na kimeendelea kuungwa mkono na kamati za nje zikiwemo za Ujerumani, Ufaransa na Japani. Mtu akishakaa na watoto hawa hurudi kwao akiwa mchangishaji asiyechoka. Tena mikono kweli haitoshi: kumlisha mtoto mmoja mwenye mtindio mkali wa ubongo huchukua nusu saa au zaidi, na mlezi mwenye watoto wanane hana saa nne za chakula cha mchana.

Tatizo ni kwamba kulisha ni kazi ya ujuzi. Mtoto akilishwa amelala chali, au kichwa kikiwa kimelalia nyuma, chakula huingia kwenye njia ya hewa. Hupaliwa, mara nyingine bila hata kukohoa, na baada ya siku chache ana homa ya mapafu. Anatakiwa kukaa wima, nyonga na magoti yamekunjwa, kidevu kimeshuka kidogo. Kijiko kiwe kidogo, uji uwe mzito kiasi, na mlishaji asubiri ameze kabla ya kumpa mwingine. Akimaliza asilazwe kwa nusu saa. Kila mtoto humeza kwa namna yake, na kuijua kunachukua siku nyingi. Mgeni wa wiki mbili huondoka pale anapoanza kuifahamu, na wa zamu inayofuata huanza upya kwenye koo la mtoto yuleyule.

Kuna na jeraha la moyo, la kuzoea watu na kuachwa, tena na tena. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya haki za mtoto lililogusia madhara ya kujitolea na utalii kwenye vituo vya kulelea watoto. Nchini Vietnam watoto wengi hawa wana wazazi, na kituo kinachoishi kwa wageni huwa na sababu ya kumshikilia mtoto ambaye angekaa nyumbani kama familia ingesaidiwa. Kwa hiyo naona nafasi ya mgeni ni ya mtaalamu: mfiziotherapia (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), fundi wa viti vya magurudumu, muuguzi wa vidonda, anayekaa miezi na kuwafundisha walezi badala ya kuwashika watoto mwenyewe.

Fedha nayo huharibu ikitolewa kwa haraka. Viti vya magurudumu ni mfano mchungu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 inataka mtumiaji apimwe, kiti kirekebishwe kimwenee, afundishwe, kisha afuatiliwe. Kontena la viti vya saizi moja huruka hatua zote hizo. Kiti kipana kikimpata mtoto mwembamba, mwili huegemea upande mmoja na uti wa mgongo huzidi kupinda. Mwenye mgongo wazi mara nyingi hahisi makalio yake, hivyo bila mto wa kupunguza mgandamizo, na bila kuinuliwa kila baada ya muda mfupi, hupata kidonda kinachoweza kufika mfupani. Mtoto huyohuyo mara nyingi anahitaji mrija safi wa kutolea mkojo kila baada ya saa tatu au nne, la sivyo mkojo hurudi nyuma na kuharibu figo. Mirija haipendezi kwenye picha za harambee, na hiyo ndiyo inayookoa maisha.

Mabishano makali zaidi ni nani asaidiwe. Kipimo cha damu cha dioksini ni ghali, na hakiwezi kuthibitisha kwamba ulemavu wa mtoto fulani ulitokana na sumu. Kesi ya waathirika wa Vietnam dhidi ya watengenezaji wa dawa hizo ilitupwa na mahakama ya New York mwaka 2005. Hata hivyo, kwa sheria ya 1996, Marekani huwahudumia watoto wenye mgongo wazi wa maveterani wake waliohudumu Vietnam bila kudai ushahidi wa damu. Misaada yake kwa Vietnam imekuwa ikipelekwa kwa walemavu wa mikoa iliyonyunyizwa sana, bila kujali chanzo. Wengine huona huko ni kukwepa wajibu, na kwenye meza ya haki nakubaliana nao. Kwenye meza ya msaada, kumbagua mtoto wa jirani kwa sababu babu yake hakupita kwenye msitu ulionyunyizwa ni ukatili.

Anayetaka kutoa aulize kwanza nani atakikarabati kiti mwaka wa tatu, na kama spea zinapatikana mkoani. Aulize kama mchango unalipa mishahara ya walezi na wafiziotherapia wa Kivietnam wanaotembelea nyumba, au majengo tu. Na aulize kuhusu waliokwisha kukua: wengi wanaoitwa watoto sasa ni watu wazima, wanabebwa na mama wa miaka sabini, na miradi mingi haina jibu la nani atawabeba mama akifariki.