Kikombe cha Babu na sanduku la tatu

Machi 2011 mama mdogo aliondoka Moshi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Nani wakati ule alikuwa hajasikia? Mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alisema Mungu amemwonyesha ndotoni mti wa mugariga, na kwamba dawa yake inatibu kisukari, presha, pumu, kansa, hata UKIMWI. Bei shilingi 500. Kikombe kimoja tu, na ukinywee palepale kwake. Ukimtuma mtu akuletee nyumbani, haifanyi kazi.

Alirudi siku ya tano, vumbi hadi kwenye kope. Ana kisukari, na kabla ya safari sukari yake kwenye damu ilikuwa 17. Tukampeleka duka la dawa mtaani, akatobolewa kidole, mashine ikasoma 9. Mama mdogo akaitazama ile 9 kama mtu anayesoma barua ya mwanawe aliyepotea. "Nimepona," akasema. Tulipofika nyumbani akaomba chai, akatia vijiko vitatu vya sukari, akakoroga taratibu huku akitutazama mmoja mmoja.

Nimeurudia ukorogaji ule kichwani mara nyingi kila ninaposikia watu wakilalamika kwamba shule zetu hazifundishi watoto kufikiri. Dawa inayopendekezwa siku zote ni ileile: wafundishwe kutenganisha ukweli na maoni. Mitaala imeshasikia kilio hicho. Huku kwetu inaitwa fikra tunduizi. Wakenya kwenye mtaala wao wa umilisi wanasema uwazaji kina. Zoezi lenyewe kila mzazi ameliona kwenye daftari la mwanawe. "Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895": ukweli. "Kilimanjaro ni mlima mzuri kuliko yote Afrika": maoni. Weka vema, songa mbele.

Zoezi si baya. Mtoto anayejua kwamba "mzuri" ni neno la msemaji, si la mlima, ameshapata kitu ambacho watu wazima wengi hawana. Tazama mjadala wowote wa Simba na Yanga. Shida yangu ni kwamba zoezi hilo lina masanduku mawili tu, na maneno yanayotuumiza hayaingii katika lolote kati ya hayo. "Dawa ya Babu inatibu kisukari" liweke wapi? Si maoni. Halifanani na "napenda pilau." Linasema jambo kuhusu dunia, na dunia inaweza kulijibu ndiyo au hapana. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa ameiuliza dunia. Hilo ni dai. Sanduku la madai ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo zoezi la shule limelisahau. Matokeo yake mwanafunzi hodari kabisa, akikutana na sentensi isiyo na "naona" wala "nzuri", anaitupa kwenye sanduku la ukweli kwa sababu tu imevaa nguo za ukweli.

(Hata ile 5,895 ina historia yake. Kipimo cha satelaiti cha mwaka 1999 kilitoa 5,892. Mlima haukusinyaa; kilichobadilika ni kifaa. Mwalimu akilisema hilo darasani, amefundisha zaidi ya zoezi zima.)

Kuna upande wa pili, na nausikia vizuri kwa sababu mama mdogo ndiye wakili wake. Upande huu unasema maneno ya fikra tunduizi ni dharau ya wasomi kwa watu wanaougua. Mtu ameambiwa atameza vidonge hadi kaburini. Zahanati iko mbali, siku nyingine dawa hakuna. Anasikia jirani, mtu anayemjua, si tangazo la redio, akisema alikunywa na anajisikia vizuri. Nauli ni ya kukopa, ndiyo, lakini kikombe chenyewe ni 500, na mwenye kukigawa anaonekana hana tamaa ya utajiri. Ukipiga hesabu kwa yale aliyokuwa nayo mkononi, kwenda si ujinga. Ni kamari yenye akili. Mfa maji haachi kutapatapa, na anayemcheka yuko nchi kavu.

Tena, wanaongeza, miti ni dawa kweli. Wamasai wameutumia mti huohuo, wao wanauita olamuriaki, muda mrefu kabla ya ndoto ya Babu. Kwinini ilitoka kwenye gamba la mti. Dawa mseto ya malaria tunayopewa leo kila zahanati ina kiambato kinachotokana na artemisinini, iliyotoka kwenye mmea uliotumiwa na waganga wa China kwa karne nyingi.

Yote hayo nakubali. Na wapo wanaotaka kunijibu kwamba foleni ile ilikuwa ya watu wasiosoma, hao hawakuiona. Magari ya serikali yalikuwemo. Mawaziri walikunywa, wakapigwa picha na kikombe mdomoni. Wenye uwezo walishuka kwa helikopta. Kama elimu ya vyeti ingekuwa kinga, nusu ya foleni isingekuwepo. Kwa hiyo hoja ya "watu wetu hawajui kutofautisha ukweli na maoni" hainiridhishi. Mama mdogo alijua tofauti hiyo vizuri. Sukari yake ilikuwa 17, ikawa 9. Huo ni ukweli mtupu, nimeuona kwa macho yangu.

Alichokosa ni swali moja dogo: je, kama dawa haifanyi kazi, tungeona nini? Jibu ni kwamba tungeweza kuona 9 ileile. Njia ya Samunge kupitia Mto wa Mbu na Ngaresero si ya mtu kushiba. Kwa siku zile tano alikula mahindi ya kuchoma mara mbili, chai ya rangi isiyo na sukari kwa sababu sukari haikupatikana, na maji. Alishuka kwenye gari akatembea kilomita kadhaa kuipita foleni. Mgonjwa wa kisukari anayekula wanga kidogo na kutembea sana, sukari yake hushuka. Halafu kuna hili: watu huanza safari kama hiyo siku wanapojisikia vibaya kuliko kawaida, na magonjwa mengi ya kudumu hupanda na kushuka yenyewe. Ukipima kileleni, kipimo kinachofuata kina nafasi kubwa ya kuwa chini, ukinywa kikombe au usinywe.

Na ushuhuda? Aliyepata nafuu alirudi kusimulia. Aliyefia njiani, na magazeti ya wakati ule yaliripoti vifo vya wagonjwa waliokuwa wakisubiri zamu, hakurudi kutuambia kwamba kwake haikufanya kazi. Aliyerudi akazidiwa miezi mitatu baadaye hakuwa habari tena. Methali zetu hapa hazitusaidii. Penye wengi pana Mungu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nazipenda, ila kwenye jambo la dawa zinatupeleka pabaya, kwa sababu wingi wa wasemaji si wingi wa ushahidi. Watu elfu waliosikia kwa mmoja ni shahidi mmoja.

Lakini lugha yetu hiyohiyo imetupa vyombo ambavyo hatuvitumii. Tuna "ati". Tuna "inasemekana", "nasikia", "nimeona mwenyewe". Bibi zetu wakisimulia habari za msiba wa mbali walizipanga hizi kwa uangalifu: hili nimeliona, hili kaniambia fulani, hili ni la watu tu. Siku hizi ujumbe unafika kwenye kundi la familia umeshavuliwa "ati" zote, na kilichobaki kinasomeka kama taarifa ya serikali.

Serikali yenyewe haikutoka na mikono safi kwenye sakata lile. Wataalamu walisema dawa ni salama kunywa. Sentensi ya kweli, nadhani, na ndiyo iliyoharibu zaidi. "Haikudhuru" mtaani iligeuka "imethibitishwa". Wapo wagonjwa walioacha ARV kwa kuamini wamepona, na hapo kikombe kisicho na sumu kikawa na sumu.

Tofauti ya artemisinini na mugariga haiko kwenye heshima ya mzungu au mwafrika. Tu Youyou, Mchina aliyepata Nobel mwaka 2015, alianzia palepale alipoanzia mganga: maandishi ya kale ya China yaliyoutaja mmea huo kwa homa. Ila yeye alikubali dawa imshinde. Alipochemsha mmea haikufanya kazi vizuri. Akarudi kwenye maandishi, akaona wakale waliuloweka kwenye maji bila kuuchemsha, akabadili njia, akajaribu kwa panya na nyani, akanywa mwenyewe, kisha wagonjwa. Dai lilipewa nafasi ya kuanguka. Mei 2020, serikali ya Tanzania ilipotuma ndege Madagaska kuleta kinywaji cha Korona kilichotengenezwa kwa mmea wa ukoo huohuo wa artemisia, dai lilipewa mapokezi ya uwanja wa ndege kabla ya kupewa nafasi hiyo.

Naogopa kitu kimoja tu kwa upande wangu. Mtu aliyefundishwa kutilia shaka bila kufundishwa kupima hutilia shaka chochote asichokipenda. Nimewaona: wanakataa kikombe, wanakataa chanjo, na kila ukiwaonyesha takwimu wanakujibu "hayo ni maoni yako." Zoezi la masanduku mawili limewapa silaha hiyo.

Babu alifariki Julai 2021. Mama mdogo yupo, alirudi kwenye vidonge miezi minne baada ya safari, mguu ulipoanza kufa ganzi. Ana kadaftari ambamo huandika tarehe, kipimo, na alichokula usiku wake. Hilo alilianzisha mwenyewe, wala si mimi niliyemshauri. Hajawahi kukubali kwamba alipoteza nauli. Jumapili iliyopita nilimshikia kile kimashine, nikamsomea: 7.2. Akaandika, akaniangalia juu ya miwani.

"Hiyo ni ya vidonge," akasema, "au ni kwa kuwa jana nilikula mchicha tu?"