Asilimia 99.7 ya nini? Mjadala wa uhai kwenye K2-18b

Aprili 2025, watafiti wakiongozwa na Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kuwa wameona dalili za dimethili salfaidi, au gesi ya jamii yake, katika angahewa ya sayari K2-18b, gesi ambazo huenda zikawa ishara ya uhai. Tangu hapo, wanasayansi waliotilia shaka tangazo hilo wamekuwa wakionekana kama watu wasiotaka kusikia kwamba huenda hatuko peke yetu. Naamini wameonewa.

Upande wa Cambridge hauna hoja nyepesi. Sayari hiyo, iliyo umbali wa miaka ya nuru 124 hivi katika kundinyota la Simba, hupokea kutoka kwa nyota yake kibete nyekundu nishati inayokaribia ile tunayoipata sisi kutoka kwenye Jua. Mwaka 2023 darubini ya anga ya James Webb ilionesha huko methani na kaboni dayoksaidi, na hapa duniani dimethili salfaidi hutolewa kwa wingi na viumbe vidogo vya baharini. Watafiti wenyewe walisisitiza kwamba vipimo zaidi vinahitajika, ingawa tahadhari hiyo ilipotea njiani.

Kilichobaki vichwani mwa watu ni asilimia 99.7, kiwango cha uhakika kilichotajwa pamoja na matokeo hayo, na wengi waliielewa kuwa ndiyo uwezekano wa kuwapo uhai. Sivyo hata kidogo. Kiwango hicho, ambacho wanatakwimu hukiita sigma 3, kinalinganisha maelezo mawili ya data ileile, moja lenye gesi hizo na jingine lisilo nazo, na kusema kwamba kama gesi hizo zisingekuwapo, bahati tupu ingeweza kuleta alama yenye nguvu kiasi hicho mara 3 hivi katika 1,000. Hakisemi chochote kuhusu gesi ambazo hazikuingizwa katika ulinganisho, sembuse kuhusu kilichozizalisha. Wachambuzi wengine walipoirudia data hiyohiyo, iliyokusanywa sayari ilipopita mara moja tu mbele ya nyota yake, mmoja aliona kuwa mstari ulionyooka, yaani usio na alama ya gesi yoyote, unatosha kuieleza. Wengine walipanua orodha ya gesi na kukuta nyingine kadhaa zinalingana nayo vilevile. Huo si ukaidi, ni kuuliza swali ambalo namba yenyewe haikuulizwa.

Tena dimethili salfaidi imegunduliwa kwenye kometi 67P, mahali ambapo hakuna anayedhani pana uhai, na maabara zimeweza kuitengeneza kwa mwanga na gesi za kawaida. Hata bahari inayosemwa kuifunika K2-18b haijathibitishwa: yawezekana chini ya angahewa yake ya haidrojeni hakuna uso wa maji kabisa.

Kundi la Cambridge lilikadiria kuwa saa 16 hadi 24 zaidi za James Webb zingeweza kuufikisha ushahidi kwenye sigma 5, kipimo ambacho wanasayansi hukikubali kama ugunduzi. Saa hizo zitolewe, maana swali linastahili. Lakini zikileta jibu la ndiyo, litakalokuwa limethibitishwa ni gesi, na kazi ya kutafuta chanzo chake ndiyo itakuwa inaanza.