Acheni kuvunja posa kwa sababu ya Zuhura na Zohali

Wanaofuata Jyotish, unajimu wa Kihindi, huuogopa sana mkutano wa sayari za Zuhura na Zohali, Shukra na Shani kwa majina ya huko, hasa ukiangukia nyumba ya saba kati ya nyumba kumi na mbili za ramani ya kuzaliwa. Nyumba hiyo ni ya mume au mke, na pia ya mbia wa biashara. Zuhura ni mapenzi, Zohali ni ubaridi na ucheleweshaji. Basi mnajimu mwenye haraka hujumlisha hapo hapo: ndoa itachelewa, na ikija itakuwa ya machozi. Familia inarudi nyumbani kimya na posa inavunjika. Nimeisoma elimu hii kwa mapenzi, na hukumu za namna hiyo zinaniuma, kwa kuwa kanuni za elimu yenyewe haziziruhusu.

Tuchukue mfano wa kweli wa anga. Tarehe 22 Machi 1999, mjini Mumbai, kama saa tatu usiku. Kwa hesabu ya Lahiri, njia ya kupima buruji zinaanzia wapi angani ambayo wengi India huitumia, Mizani ilikuwa ikichomoza mashariki. Hiyo ndiyo lagna, nyumba ya kwanza. Magharibi ilikuwa Hamali, nyumba ya saba, na ndani yake Zuhura na Zohali zilizoachana nyuzi chache tu. Aliyezaliwa saa ile leo yuko katika umri wa kuposa au kuposwa.

Mwenye haraka ataona mabaya matupu. Zohali ikiwa Hamali imeanguka, ni buruji ya unyonge wake. Mirihi nayo iko Mizani, nyumba ya kwanza, inaitazama nyumba ya saba ana kwa ana. Wengi wataita hiyo kasoro ya Mirihi, mangal dosha, inayotisha kwenye ndoa kuliko zote. Ukiishia hapo, masikini huyu haolewi wala haoi.

Lakini endelea kusoma. Kwa lagna ya Mizani, Zohali inatawala nyumba ya nne na ya tano, na kwa hiyo ndiyo yogakaraka, sayari ya heri kubwa kwa mtu huyo. Nguvu ya upande, ile ambayo sayari huipata kwa kukaa nyumba inayoifaa, Zohali huipata katika nyumba ya saba tu. Zuhura na Zohali ni marafiki wa asili, tena Zuhura ndiye mwenye lagna yenyewe, yaani mtawala wake. Kisha tazama hili, ambalo mimi huliona zuri kuliko yote: Zuhura amekaa katika buruji ya Mirihi, na Mirihi, mwenye nyumba ya saba, amekaa katika buruji ya Zuhura. Wamebadilishana nyumba. Mirihi yule yule aliyetuogofya, kwa kuwa amekaa nyumba ya kwanza, anavunja unyonge wa Zohali, kanuni inayoitwa neecha bhanga. Fungua pia navamsha, ramani ya pili inayosomwa mahsusi kwa ndoa, nayo inaonyesha Zuhura Saratani na Zohali Jauza. Kule hawako pamoja kabisa.

Kama sayari hizo mbili zingekuwa zimekaribiana chini ya nyuzi moja, tungezungumzia vita vya sayari, na usomaji ungebadilika. Usiku ule nafasi ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Mimi ningemsoma mtu huyu kama anayempa mwenzake nusu ya nafsi yake, anayechelewa kuahidi na akishaahidi hatoki. Mapenzi yake utayaona katika kazi za mikono kabla hujayasikia mdomoni. Katika ubia atataka mkataba na daftari la hesabu kabla ya kucheka pamoja. Hofu yangu kwake si talaka. Ni kuvumilia yasiyovumilika, kukaa miaka na mtu anayemuumiza kwa sababu tu alitoa neno. Wanaotisha watu juu ya Zohali huwa hawaigusi hatari hii.

Kuna na wakati. Katika vimshottari, mzunguko wa miaka 120 ambamo sayari hupokezana zamu za kutawala maisha ya mtu, Zuhura anashika miaka 20 na Zohali 19, na mkutano wao husemwa kulala mpaka zamu ya mmoja wao ifike. Saa ya kuzaliwa nayo ina uzito, maana lagna hubadilika karibu kila saa mbili. Mtoto aliyezaliwa Mumbai siku ile ile saa saba mchana ana sayari hizo hizo nyumba ya kumi na moja, ya marafiki na faida. Kwa msomaji wa pwani aliyezoea nyota kuhesabiwa kwa jina la mtu na la mama yake, hii ni njia nyingine kabisa.

Je, haya yamethibitishwa? Hapana. Mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake waliwapima wanajimu 27 nchini India. Kila mmoja alipewa ramani 40, atambue zipi ni za wanafunzi hodari na zipi za watoto wenye ulemavu wa akili. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalikuwa chini kidogo ya nusu, sawa na kurusha sarafu. Nayakubali matokeo hayo. Kwangu ramani ni njia ya kuwafanya wawili waulizane yale wanayoyaonea haya: nani atashika fedha, nani hunyamaza akikasirika, nani atahama kwao.

Ndiyo maana kuvunja posa kwa mkutano mmoja wa sayari ni dhuluma, na mzigo wake huwaangukia zaidi mabinti. India bado wapo wanaoozwa kwanza mtungi wa udongo au mgomba ili kasoro ya Mirihi iishie huko, ndipo waolewe na mume. Binti hajakosa lolote. Alizaliwa saa fulani tu.

Ukimwendea mnajimu, mwulize lagna ni ipi, nani mwenye nyumba ya saba na amekaa wapi, sayari zimeachana nyuzi ngapi, navamsha inasemaje, na zamu ya sasa ni ya nani. Akiruka yote hayo na kukutajia bei ya yakuti samawi ya kumtuliza Zohali, chukua karatasi yako uondoke.