Kartushi Moja, Nyama Mbili

Juu ya jicho langu la kuume kuna kovu lililopinda kama mwezi mchanga. Watu wakiniuliza, nasema niligonga mlango. Leo nasema ukweli, maana shemeji yangu ameshausimulia Kamalondo nzima, mtaa wa hapa Lubumbashi, na kwa jinsi anavyousimulia yeye, mimi nililia. Sikulia.

Chanzo ni mdomo wangu. Jumamosi moja, chupa za bia ya Simba zikiwa mezani, niliwaambia watu kwamba karabini niliyorithi kwa marehemu mjomba inaangusha kopo la nyanya kwenye mita 300 bila wasiwasi. Mimi mwenyewe sikuwa nimeipiga hata mara moja. Nilikuwa nimeipangusa tu, mara nyingi sana, na kutazama video za wazungu wamelala kifudifudi kwenye majani. Shemeji akasema, "Tutaona."

Makaratasi yalikuwa sawa, nisisingiziwe. Sheria yetu ya uwindaji hapa Kongo ni ya Mei 1982, nami nilizaliwa mwaka huohuo, kwa hiyo tunaheshimiana. Lakini bunduki yenyewe haikuwa ya saizi yangu. Ni .375 Holland & Holland Magnum, aina iliyotoka mwaka 1912, na risasi yake ina uzito wa karibu gramu 20. Hiyo ni dawa ya nyati. Mimi nina kilo 61 nikiwa nimevaa viatu.

Yalikuwa yamebaki majuma mawili msimu ufunguliwe. Tukamchukua Nkambo, mzee wa avenyu yetu aliyewinda upande wa Kasenga wakati sisi bado tunatambaa. Akatoa sharti moja: "Siku ya bunduki, bia ni ya magaribi." Basi tukabeba munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, bidoni nzima ya lita 20 ambayo mke wangu alikuwa ameipika kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Nilimwambia tutaonja kidogo.

Tulifika kwenye shamba la shemeji mapema. Mwezi wa sita asubuhi Lubumbashi inakata masikio, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Kwa baridi. Mwisho wa shamba kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba, ukuta mzuri wa kumeza risasi. Nkambo alikizunguka chote kwanza, taratibu, akiangalia kama hakuna watu wanaochimba udongo wa matofali upande wa pili. Halafu akamtuma mtoto wa dada yangu abandike shabaha chini ya kichuguu: karatoni ya sabuni yenye duara la makaa katikati.

"Mita 100," akasema.

"Nkambo, tulisema 300."

"Ku mita 300 utapiga nini? Mu pori yetu nyama unamuonaka ku hatua makumi sita, kisha miti inamuficha. Na hii risasi, ukiinyoosha ipige sawa ku 100, ikifika ku 300 imeshaanguka nusu mita na zaidi."

Shemeji akauliza kopo la nyanya lina urefu gani. Hakuna aliyemjibu.

Kartushi ya kwanza ilinisukuma bega mpaka nikasahau jina langu. Kijana akakimbia kuangalia, akarudi akipangusa mdomo: shimo liko chini ya duara, sentimita 25 hivi, katikati kabisa. Nkambo akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. "Sasa ipandishe."

Hapa ndipo elimu iliponiharibia. Darubini ya bunduki ina vifuniko viwili, kimoja juu, kimoja pembeni. Cha juu kilikuwa kimekwama kwa vumbi na kutu. Cha pembeni kilifunguka vizuri, na ndani nikakuta kigurudumu chenye mshale na herufi R. Nimesoma Kifaransa miaka kumi na miwili. R, nikawaza, ni *remonter*. Kupandisha. Kila kigurudumu kikilia "tik", risasi inahama milimita 7 kwenye mita 100. Nikapiga hesabu kama injinia: tik 35. Nkambo alikuwa anatafuta miwani yake mfukoni, na mimi sikutaka kumsumbua mzee.

Kartushi ya pili: chini vilevile, lakini sasa upande wa kuume. "Ni upepo," nikasema. Moshi wa jiko la mlinzi ulikuwa umesimama wima kama mlingoti. Nikaongeza tik nyingine 35, kwa hasira kidogo.

Kartushi ya tatu haikugusa karatoni popote. Kijana alikwenda, akazunguka, akakawia, akarudi akipangusa mdomo tena. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini kila akienda huko anarudi hana kiu. Kumbe asubuhi, alipokuwa anabandika shabaha, aliona kivuli kimoja tu shamba zima, pale kwenye mguu wa kichuguu, kama mita moja upande wa kuume wa karatoni. Akaiweka bidoni pale ipoe, na akaifunika gunia lililoloweshwa. Kwa mbali gunia na udongo vilikuwa rangi moja. Na katika fikira zake, tonton yake, yaani mimi mjomba wake, analenga karatoni, sasa bidoni ina hatari gani?

Shemeji alikuwa ameanza kucheka bila sauti, mabega tu. Nikaweka tik 70 kwa mkupuo. Nikalala chini, nikakaza meno, na ili nione vizuri nikasogeza jicho mpaka kope zikagusa chuma cha darubini. Jicho linatakiwa likae nyuma, karibu upana wa kiganja. Nkambo aliniambia asubuhi. Wakati huo nilikuwa nasikiliza baridi.

Nikavuta.

Bunduki ikarudi nyuma na darubini ikanipiga juu ya jicho. Nilisikia sauti mbili, *pwaa* ya huku na *pwaa* ya kule. Nilipoinua kichwa, kwa jicho lililobaki, niliona kitu cheupe kimeruka juu kama bomba la maji la Regideso limepasuka, kikaning'inia hewani, kikamwagikia kichuguu. Damu ikanishuka puani. Kwa muda nilidhani nimeua kitu kikubwa.

"Tonton," kijana akasema polepole, "munkoyo."

Nkambo alikuja, akanitazama uso, akatazama kule, akaketi chini kwa sababu miguu ilimkatalia kwa kicheko. "Ee bwana! Kartushi moja, nyama mbili!"

Baadaye alivaa miwani, akasoma ile R. "Hii iliandikwa na Waingereza. *Right*. Kuume." Akarudisha tik zote, akafungua kifuniko cha juu kwa sarafu, akapandisha tik 35, akapiga mara tatu. Mashimo matatu yote niliyafunika kwa kiganja kimoja. Damu yangu ilikuwa bado haijakauka.

Kwenye kituo cha afya nesi alinishona nyuzi nne. Alikuwa na karatasi ya kujaza, akauliza nimegongwa na nini. Shemeji akajibu kwa niaba yangu, kwa kirefu, na wagonjwa wote wakasogea.

Nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni.

"Ulipigana na nani?"

"Na bunduki."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akanusa koti langu, maana nilikuwa nimebeba mabaki. "Na bidoni yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha nusu ya chini, iliyobaki nzima. Hakusema neno. Aliichukua, akaijaza maji, akaiweka uani. Kuku wanainywea mpaka leo, na wageni wakiuliza mbona bidoni iko hivyo, anawajibu kwamba mume wake ni muwindaji, na hiyo njo nyama ya kwanza alileta.