Gari Langu Linampenda Mama Mkwe

Gari langu halina shida. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila anayelipanda, akishuka ananishika bega na kunipa pole kama nimefiwa. Ni Corolla 110, toleo la 1998, namba A. Linawaka mara ya kwanza, honi inalia, kioo cha nyuma kinashuka (kupanda ni hiari yake). Kitu kimoja tu: linavuta kushoto.

Na halivuti kidogo. Umetoka mjini, umeshika Barabara ya Morogoro, umeipita Ubungo, ukiachia usukani upige chafya, chafya inaishia mtaroni. Miezi minne nimeendesha mkono wa kulia nimeukaza kama navuta ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Bega la kulia limetuna, la kushoto liko vilevile nililozaliwa nalo. Juzi fundi cherehani kanipima mara tatu, akaweka futi chini, akaniuliza kama nimewahi kuanguka mnazi.

Mke wangu ana tafsiri yake. Mama yake anakaa Kimara, mkono wa kushoto ukiwa unaelekea kwetu Kibamba. "Baba Neema, hilo gari lina adabu kukuzidi. Linataka kupita kumsalimia mama."

Nikaenda kwa wataalamu. Wa pancha akapima upepo: kulia 32, kushoto 22. Akajaza, nikampa pesa yake, nikaondoka napiga mluzi. Upepo ndio wa kuangalia kwanza, ni rahisi na hauna aibu. Lakini kabla sijafika Kimara, bega likaanza kuniuma tena.

Nikaenda alaimenti. Shilingi 20,000, na karatasi yenye namba za kijani ambayo niliionyesha hadi kwa watu wasio na gari. Likanyooka siku mbili. Nikarudi, 20,000 nyingine, karatasi nyingine. Mara ya tatu yule kijana akaniona kwa mbali, akanivutia kiti, akaniita bosi. Hakuwahi hata siku moja kuinama kutazama chini ya gari. Sasa jamani, alaimenti kazi yake ni kupanga pembe za matairi. Kama vinavyoshika tairi vimelegea, ni sawa na kumchana nywele abiria wa bodaboda. Anapendeza hadi dereva aondoke.

Jirani yangu, anayejua kila kitu isipokuwa kurudisha panga langu, akasema kosa ni la barabara. Barabara zimejengwa na mgongo katikati ili maji yashuke pembeni, na sisi tunapita kushoto, kwa hiyo kila gari lina mteremko kidogo wa kwenda huko. Hapo nakiri alisema kweli. Akanishauri nijaribu mahali tambarare. Jioni nikaingia nalo uwanja wa mpira, taratibu, nikaachia usukani. Likakata kushoto, likapita mstari wa kumi na nane, kipa akaacha lango. Watoto wakashangilia. Nilikanyaga breki hatua mbili kabla ya nyavu, na bado wanabishana kama ingehesabiwa.

Dereva wa boda akaja na lake: breki imeng'ang'ania upande mmoja. Akanifundisha niende mwendo mrefu bila kukanyaga breki sana, nisimame, nisogeze kiganja karibu na rimu za mbele. Upande wenye moto ndio mwizi. Nikafanya. Zote vuguvugu, kama chai ya msibani. Tukahamisha matairi ya mbele, la kulia likaenda kushoto na la kushoto kulia, maana kama kosa ni la tairi, gari lingegeuka kuvuta kulia. Likavuta kushoto. Ila tulipolivua lile la kushoto nikaona jambo: upande wa nje bado lina maua, upande wa ndani lina upara unaong'aa.

Huo upara ndio ulionipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa chini ya mwembe, asiye na kompyuta wala karatasi za kijani. Hakuniuliza kitu. Akaegemea boneti upande wa kushoto kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likadunda mara moja, mbili, tatu, nne.

"Shokapu hii imekufa zamani. Wewe ndiye hukupewa taarifa."

Akalipiga jeki, akaweka na kigogo cha kukinga, akaniamuru: "Shika tairi saa sita na saa kumi na mbili, tikisa."

Nikamuuliza, saa sita ya Kiswahili au ya Kizungu? Akaniangalia kwa muda mrefu sana. Nikahesabu kichwani: kwa saa zetu mikono inakaa juu na chini, kwa saa zao inakaa chini na juu. Nikatikisa. Kimya, kwa hiyo boljointi na beringi zilikuwa salama. "Haya, saa tatu na saa tisa." Hapo ikasikika kti-kti. Tairodi endi, kile kiungo cha mwisho cha chuma kinachogeuza tairi. Kisha akachukua mtaimbo, akaupenyeza kwenye ile amu ya chini, mkono wa chuma unaoshikilia tairi, akasukuma kidogo. Amu yote ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mpira wa bushi, unaokaa pale amu inapojishikiza, ulikuwa umepasuka mpaka chuma kinaonana na chuma.

"Ukiwa kwenye rasta husikii ngo-ngo-ngo?"

Nilikuwa nasikia. Ndiyo maana nilinunua redio kubwa.

Pesa ya kuezeka banda la kuku ikaondoka yote: bushi za pande zote mbili, pamoja na kuzipresi kwa mashine, shokapu mbili, tairodi endi. Mzee hakukaza bolti za bushi gari likiwa hewani. Alilishusha likae kwa miguu yake kwanza, maana ukikaza likining'inia, mpira unabaki umejinyonga na unakatika mapema. Ndipo akaniruhusu niende alaimenti, ya nne na ya mwisho. Yule kijana alinivutia kiti kile kile.

Wiki ya tatu hii, gari linakwenda kama uzi. Naendesha kwa vidole viwili. Kuku wananyeshewa, lakini mimi napita Kimara bila hata kutoa jasho.

Jumapili simu ikaita. Mama mkwe.

"Marahaba, baba. Nasikia gari limepona?"

"Limepona, mama."

"Mbona sasa mnapita tu?"

Mke wangu amekaa pembeni yangu, amenikazia macho.

"Mama," nikamwambia, "bado lina tatizo kidogo. Siku hizi linagoma kukata kushoto."